Unga Mlangoni kwa Bibi wa Dukani

Wiki iliyopita, kwenye mashine ya kusaga ninapofanya kazi hapa Lupiro, kiroba cha unga wa mchele kilipasuka mshono kikiwa kinatolewa nje. Unga ukamwagika kizingitini, mweupe na laini, ukatawanyika mpaka kwenye ngazi. Mwenye mashine akanipa ufagio. Nikaushika, nikasimama tu.

"Binti, vipi? Unaogopa unga?"

"Umemwagika huu," nikamuuliza, "au kuna mtu ameuweka?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Nani aweke unga mlangoni? Wewe leo hujanywa chai." Mama mmoja aliyeleta mchele wake wa vitumbua naye akacheka. Nikafagia, nikanyamaza. Tangu utotoni maneno hunitoka kwa shida, na mpaka nipate la kusema watu wameshahamia habari nyingine. Lakini wewe nitakueleza, kwa sababu kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, na naweza kwenda taratibu.

Nililelewa na bibi yangu, mama yake mama, Ifakara, karibu na mto Lumemo. Ndugu zake ni wa upande wa Mahenge, na huko ndiko alikojifunza kufinyanga. Kiangazi kilikuwa msimu wake. Wenzake walipokuwa wakifyeka majani mashambani na kungojea mvua, yeye alikaa kwenye kibanda chake cha nyasi, miguu ameinyoosha, udongo mapajani. Mimi nilibeba udongo kwa ndoo kutoka mtoni, nikautwanga, nikatoa mizizi na changarawe. Vyungu vilipokauka tulivichoma kwa kuni na pumba za mpunga, na harufu ya moshi ule ilikaa kwenye nguo zetu mpaka Jumapili kanisani. Watoto wenzangu waliniita Moshi. Sikuwajibu. Nyumbani kulikuwa na wali na kambale mkavu aliyepikwa na bamia, na ukoko wote ulikuwa wangu, kwa hiyo waniite watakavyo.

Kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kufagia. Kabla jogoo hajachoka kuwika nilikuwa uwanjani na ufagio wa njiti, nimeinama, nikirudi kinyumenyume ili nisikanyage nilipokwisha kupita. Bibi alipenda kuona mistari ya ufagio kwenye vumbi. Mtoto wa kike, kwake, alipimwa hapo. Na alikuwa na maneno aliyonirudia mara nyingi mpaka nikawa nayatamka naye pamoja: "Ukifika kwa watu asubuhi ukakuta hapajafagiwa, shika ufagio kabla hujapewa kikombe cha chai. Wala usitangaze kwamba umefagia. Wataona wenyewe."

Hayo maneno uyakumbuke, maana ndiyo yaliyoniponza.

Mjini, nyuma kidogo ya soko, kulikuwa na duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi. Familia za Kihindu pale Ifakara zilikuwa za kuhesabu kwenye vidole. Yeye alikuwa mjane kama bibi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na futi ya kupimia nguo shingoni kila saa. Alizaliwa humu humu bondeni. Baba yake aliuza chumvi na nguo kwa wavuvi, na Kiswahili chake kilikuwa hiki hiki chetu. Mimi nilimwita bibi wa dukani. Yeye alimwita bibi yangu Mama Vyungu.

Wateja wake wengi walikuwa Wakatoliki, nao waliingia dukani wakimwamkia kama walivyozoea kuamkiana: "Tumsifu Yesu Kristo!" Naye, bila kuinua macho kwenye kitambaa anachokata, alijibu, "Milele amina. Mita ngapi?" Aliitikia tu kama mtu anavyoitikia hodi. Watu walicheka, naye alicheka.

Kila mwaka, kabla ya Diwali, sikukuu yao ya taa, alimwomba bibi amfinyangie vitaa. Ni vibakuli vidogo vya udongo, vinavyoenea kwenye kiganja cha mtoto. Unatia samli, unalaza utambi wa pamba, unawasha. Bibi alivifinyanga kapu zima, na mahali pa kulaza utambi alinipa mimi nibonyeze kwa dole gumba, kwa sababu langu lilikuwa dogo. Siku ya kuvipeleka alipewa kitenge, na mimi nikapewa ladu, zile tamutamu za mviringo za unga wa dengu, zenye iliki. Halafu wazee wawili hao walikaa kwenye benchi nyuma ya duka, wakanywa chai ya maziwa na tangawizi, wakazungumza habari za magoti yao na waume zao marehemu. Niliwahi kumsikia bibi akisema kwamba ni kwenye benchi lile tu anapoweza kulia bila kuombewa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tatu. Jumamosi moja jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu, na baada ya rozari katekista akabaki amesimama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye baiskeli iliyojaa viraka, na moyo mzuri kweli. Kivuko cha mto mkubwa kikiharibika alipanda mtumbwi kwenda kuwatazama wagonjwa ng'ambo. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Siku hiyo alikuwa na jambo.

"Ndugu zangu, Habari Njema tunawapelekea watu wa mbali, na hawa Wahindu tunaonunua kwao sare za watoto hatujawapelekea hata siku moja. Sikukuu yao inakuja. Siku hiyo nyumba zao ziko wazi kwa kila mgeni. Twende, tuimbe, tuseme neno." Akamgeukia bibi. "Mama, wewe unajulikana pale. Wewe ndiye utakayetufungulia mlango."

"Mlango wenyewe ni wa duka, katekista," bibi akasema. "Haufungwi mpaka jioni."

Watu wakacheka. Lakini jirani yetu mmoja, mwimbaji wa sauti ya kwanza, hakucheka. "Na vitaa vyake, mama, mwaka huu utafinyanga? Asubuhi mkono unashika rozari, mchana unafinyangia miungu?"

"Mkono huu huu ndio uliofinyanga chungu ulichopikia ubwabwa wa kipaimara cha mwanao," bibi akamjibu. "Ulikula, hukukiuliza kimetoka kwenye mkono gani."

Katekista akaingilia kwa upole, akasema hakuna wa kumkataza mtu kazi yake. Bibi akakubali kwenda. Ila walipoondoka wote alikaa muda mrefu na kitaa kibichi kiganjani, hakibonyezi wala hakiweki chini.

"Kwenda siogopi," akaniambia. "Naogopa atadhani miaka yote hii nilikuwa namfinyangia ili siku moja niingie kwake na kundi. Atadhani chai yote ile ilikuwa mtego."

Nilitaka kumwambia hapana, bibi, hatadhani. Sikusema.

Siku yenyewe ya Diwali tulitoka nyumbani kungali na ukungu, bibi na kapu la vitaa kichwani, vimepangwa ndani ya pumba visigongane. Tulipofika, bibi alizungukia uani kwenda kuvipanga pamoja na mpishi, akaniacha mimi mbele, kwenye mlango wa nyumba.

Nikaona unga.

Ulikuwa umetapakaa kizingitini na kwenye ngazi, unga wa mchele, mweupe. Kulikuwa hakujapambazuka sawasawa. Niliona maua, nikaona vidoti, nikaona nyayo ndogo, ndogo kuliko za mtoto mchanga, zinatoka njiani zinaelekea ndani. Nilijua bibi wa dukani ana wajukuu waliokuja likizo kutoka Dar es Salaam. Nikasema moyoni, hawa watoto wa mjini wamechezea chakula. Kwetu mtoto akimwaga unga alikuwa anakula fimbo. Nikawaza wageni watakaokuja siku ya sikukuu, nikawaza aibu ya bibi wa dukani. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani.

Nilifagia kwa moyo wangu wote. Unga uliokuwa msafi niliuchota kwanza kwa viganja, nikautia kwenye ungo niliouona pale, nikaufunika kwa gazeti na kuuweka nyuma ya pipa la maji ili kuku wasiufikie. Kisha nikafagia vumbi kuanzia kizingitini mpaka njiani, nikirudi kinyumenyume, nikiacha mistari mizuri. Nilipomaliza nilisimama nikaitazama, na sijui kama nimewahi kuifurahia kazi yangu kama asubuhi ile.

Bibi akatoka, mpishi akanipa ladu mbili, tukarudi nyumbani. Wala sikutangaza.

Alasiri tulikwenda na kundi, watu kama kumi. Katekista alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Jirani yetu alianzisha wimbo tukiwa bado njiani, taratibu, na kwa kweli uliimbika vizuri. Bibi alitembea nyuma kabisa, nami nimeshika upindo wa kanga yake.

Bibi wa dukani alikuwa amesimama mlangoni. Sari yake ilikuwa mpya, ya rangi ya embe bivu, lakini uso haukuwa wa sikukuu.

"Tumsifu Yesu Kristo!" katekista akasema kwa furaha.

Hakuitikia. Wimbo ukafia mdomoni mwa jirani yetu.

"Mmekuja mara ya pili?" bibi wa dukani akauliza.

"Mara ya pili vipi, mama? Ndiyo kwanza tunafika."

"Asubuhi nimeinama hapa na mgongo wangu huu, nimechora mwenyewe. Maua, na nyayo za mama yetu Lakshmi, anayeleta heri ndani ya nyumba. Ndiyo njia yake ya kuingilia leo. Mara moja kwa mwaka. Nimekwenda kuoga, narudi, mlango mtupu! Umefagiwa mpaka barabarani." Akanyoosha mkono kuelekea njiani. "Sokoni wameniambia tangu juzi kwamba watu wa kanisa wanakuja kwangu. Sikukasirika. Nimewapikia. Kumbe mmeanza kwa kumfukuza mgeni wangu."

"Haki ya Mungu, mama," katekista akasema, "mimi siwezi kumtuma mtu afanye hivyo."

"Kama kumefutwa, basi Mungu ndiye amefuta," jirani yetu akanong'ona. Aliyesikia alisikia.

Bibi wa dukani alimtafuta bibi yangu kwa macho mpaka akampata kule nyuma. "Na wewe, Mama Vyungu. Mpishi anasema ni wewe peke yako uliyepita hapa alfajiri."

Bibi yangu hakujua lolote juu ya unga ule. Bibi wa dukani akaingia ndani, akarudi na kapu letu la vitaa, akaliweka chini mbele ya miguu ya bibi.

"Chukua. Mwaka huu nitawasha mishumaa."

Nilimwangalia bibi. Hakuinama kulichukua kapu. Alikuwa analitazama tu. Nikaelewa kwamba kile alichokiogopa kimetokea, na aliyekileta ni mimi. Hakuna mtu aliyejua. Ningenyamaza, wangemlaumu katekista, au jirani, au shetani, na mimi ningerudi nyumbani na ladu yangu moja iliyobaki. Na kunyamaza nilikuwa nakuweza kuliko mtoto yeyote Ifakara.

"Mimi," nikasema.

Katekista akainama. "Unasema nini, mwanangu?"

"Mimi ndiye nimefagia. Nilidhani watoto wamemwaga unga." Kisha yakatoka yote kwa mkupuo, nisijue yanatokea wapi. "Lakini sijautupa. Nimeuweka kwenye ungo. Uko nyuma ya pipa."

Nikakimbia, nikauleta. Nikafunua gazeti. Unga ulikuwepo, mweupe, hata kuku hajaugusa.

Bibi wa dukani aliutazama ungo, akanitazama mimi. "Nani alikutuma kufagia mlangoni kwangu?"

"Bibi."

Watu wakaguna. Bibi akashtuka.

"Amesema nikifika kwa watu asubuhi nikakuta hapajafagiwa, nishike ufagio kabla sijapewa chai." Nikaanza kulia. "Na nisitangaze."

Mabega ya bibi wa dukani yakaanza kutikisika. Nilidhani naye analia, kumbe anacheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sari, akaegemea mwimo wa mlango akicheka. "Mama Vyungu! Miaka yote nawaomba wasichana wa duka wafagie hapa, wananiambia ufagio umevunjika. Leo, siku moja ambayo sitaki, wewe unaniletea mfagiaji!"

Bibi hakucheka. Alikwenda akapiga goti pale kwenye ngazi. "Dada yangu, mtoto amefanya nililomfundisha. Kosa ni langu. Nipe unga nirudishie."

Watu wakamwangalia katekista. Bibi naye akamwangalia, kisha akasema polepole, kama mtu anayepima chumvi, "Maua nitachora. Ni yale yale ninayochora kwenye shingo za vyungu vyangu. Nyayo sitachora, dada. Nyayo ni zako na Mungu wako. Nitakushika mkono tu uiname."

"Hiyo inatosha," akajibu bibi wa dukani.

Katekista alisimama kitambo, Biblia kwapani. Nadhani hotuba yake yote ilikuwa inampita kichwani. Kisha akamkabidhi jirani yetu ile Biblia, akaja kwangu, akauchukua ungo kwenye mikono yangu. "Mimi kuchora siwezi," akasema. "Lakini aliyeharibu ni mtoto wetu. Ungo nitashika."

Basi nikuambie nilichokiona. Bibi yangu amepiga magoti, vidole vyake vya ufinyanzi vinadondosha unga mstari mwembamba, petali baada ya petali. Bibi wa dukani anaegemea bega lake, anakunja ngumi, anaichovya kwenye unga, anaigonga sakafuni kwa ubavu, halafu kwa ncha ya kidole anaongeza vidole vitano vya mguu, vidogo, vidogo. Na katekista wetu mrefu, amechutama na shati lake la pasi, anasogea nao hatua kwa hatua, unga umemjaa kwenye suruali. Jirani yetu alisimama pembeni na Biblia, amekunja uso. Lakini upepo ulipoinuka, niliona akisogea, akasimama upande unakotokea upepo, akatandaza kanga yake.

Walipomaliza, bibi wa dukani akamwambia katekista, "Ulikuja na neno. Sikukukataza. Sema."

Alisema kidogo sana. Alisema anamshukuru Mungu kwa nyumba hiyo, akaomba kwa jina la Yesu watoto wa mama yule walio mbali wawe salama. Bibi wa dukani aliunganisha viganja mpaka akamaliza. Tukapewa ladu na chevda, ule mchanganyiko mkavu wa njugu na dengu wenye pilipili, na chai ya tangawizi. Giza lilipoanza kuingia tukasaidia kupanga vitaa ukutani na kwenye ngazi, na katika kila kimoja utambi ulilala pale nilipobonyeza kwa dole gumba langu. Tulipoaga, bibi wa dukani akamwita katekista. "Hukuniamkia vizuri mchana. Amkia tena."

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," akasema, na ndipo bibi yangu alipocheka.

Bibi wa dukani hakubatizwa, na katekista hakuacha kumwombea. Lakini tangu mwaka huo, Krismasi ilipofika, kapu lile lile lilirudi kwetu likiwa na ladu za jumuiya nzima. Jirani yetu alikula zaidi ya wote, na alisema hadharani kwamba ni za Mungu.

Sasa duka lile linauza simu. Bibi wa dukani alichukuliwa na watoto wake akaenda kuishi nao, na sijui kama huko wana ngazi ya kuchorea. Kivuko nacho hakipo. Tunavuka kwa daraja, dakika mbili tu na pikipiki, wala huoni maji sawasawa. Katekista amezeeka, baiskeli anasukumiwa na mjukuu. Vitaa hafinyangi mtu. Nimejaribu, vyangu vinapasuka motoni. Hata hivyo, nikikaa nikakumbuka, huzuni haikai. Nashukuru. Watu wale wangeweza kugombana siku ile na kila mmoja angekuwa na haki yake, wakachagua kushika ungo.

Nakumbuka zaidi siku ya msiba wa bibi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Alfajiri ya siku ya maziko, waombolezaji bado wamelala kwenye mikeka, nilisikia ufagio wa njiti uwanjani. Nikatoka. Bibi wa dukani, na mgongo wake ule, amejifunga sari nyeupe kiunoni, anafagia uwanja wetu akirudi kinyumenyume. Chai hajapewa. Hakuna aliyemwona akifika.

Akafika kwenye kibanda cha bibi. Mbele ya kibanda palikuwa na udongo wa mwisho bibi yangu alioutwanga kabla hajaugua, umekauka, umemwagika kidogo chini, alama za viganja vyake bado zimo. Akasimama, ufagio mkononi, akageuka akanitazama.

"Na hapa, mwanangu, nifagie?"

Safari hii sikuchelewa kujibu. "Hapo acha, bibi."

Akaacha.